Tambi za Wageni

Kuna mapishi yasiyomdai mpishi mchana mzima wa kukaa jikoni, na mojawapo ni tambi za kukaanga kwa uyoga kama zinavyopikwa majumbani mwa Wahindi, kuanzia Kolkata hadi Mumbai. Karai hutelekwa juu ya moto mkali hata likatoa moshi mwembamba, na mafuta kidogo yakazungushwa ndani yake. Uyoga uliokatwa vipande ndio hutiwa mwanzo, peke yake na bila ya chumvi, kwa kuwa uyoga ni maji matupu. Ukiwahiwa chumvi huyatoa yote kwa pamoja, na kilichokusudiwa kukaangwa kikaishia kutokota. Maji yake yakishakauka na kingo zake zikaanza kupiga wekundu, huwekwa kando. Hufuatia kitunguu thomu, tangawizi na pilipili mbichi zilizokatwa ndogo ndogo, kisha kitunguu maji, kabichi, karoti na pilipili boga, na mboga haziachwi zikalegea. Tambi za ngano zilizokwisha kuchemshwa, kuchujwa na kupakwa mafuta ili zisigandane humiminwa juu yake pamoja na ule uyoga. Hapo tena hutiwa sosi ya soya, siki na sosi ya pilipili, upawa ukageuza mara chache, majani ya kitunguu yakanyunyizwa, na mlo umekwisha. Tokea kuteleka hata kupakua hazipiti dakika ishirini.

Wepesi huo wa jikoni huficha urefu wa njia. Tambi za namna hii asili yake ni Uchina. Pilipili ilivuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 16, ikaletwa India na Wareno. Uyoga mweupe ulioingia karaini ni mazao ya wataalamu waliojifunza kuustawisha katika vilima vya Himachal, na wala haukupatikana sokoni kwa wingi kabla ya nusu ya pili ya karne iliyopita. Ama mkono uliovikusanya vyote hivyo katika sahani moja, huo ni wa jamaa ya watu ambao jina lao lenyewe maana yake ni wageni. Kwa hivyo historia ya mlo huu haiwezi kutengwa na historia yao: namna walivyopokewa, namna chakula chao kilivyopendwa, na namna wao wenyewe walivyotendwa.

Kwa msomaji wa pwani, tambi si jambo jipya. Anazijua zile nyembamba zinazokaangwa, zikapikwa kwa sukari, iliki na tui, zikaandaliwa asubuhi ya Idi; na anajua kwamba hata neno karai, analolitamka kila siku, lilimfikia kutoka Bara Hindi. India nayo ilikuwa na tambi zake za sukari na maziwa kabla ya kuwajua wapishi wa Kichina. Lakini tambi za kukaanga na mboga zina nasaba nyingine. Mwaka 2005 wanaakiolojia walitangaza kwamba huko Lajia, kaskazini-magharibi ya Uchina, chini ya bakuli la udongo lililopinduka na kufukiwa, wamekuta mabaki ya tambi zenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Tokea zama hizo hadi leo Wachina wamezikanda, wamezivuta, wamezikata na kuzikaanga kwa namna nyingi, na popote walipohamia walikwenda nazo. Neno wanalolitumia Wahindi, chow mein, lilitoka kwao, na maana yake si zaidi ya tambi za kukaanga.

Safari ya kuja India inaanza na sukari. Mwaka 1772 Waingereza waliifanya Calcutta, mji ambao tangu mwaka 2001 huitwa rasmi Kolkata, kuwa makao makuu ya utawala wao. Miaka michache baadaye, yapata mwaka 1778, alifika mfanyabiashara mmoja wa Kichina ambaye nyaraka za Kiingereza zilimwandika kwa jina la Tong Achew. Gavana Warren Hastings alimpa ardhi kando ya mto Hooghly, karibu na Budge Budge, naye akalima miwa, akajenga kiwanda cha sukari, akaleta wafanyakazi kutoka kwao. Kiwanda hakikuishi sana. Achew mwenyewe alifariki muda mfupi baadaye, na wafanyakazi wake wakatawanyika, wengi wakaelekea mjini kutafuta riziki. Hata hivyo, mahali pale pameitwa Achipur kwa jina lake hadi leo. Kaburi lake, lililopakwa rangi nyekundu na kujengwa kwa umbo la kwato la farasi, lingalipo ukingoni mwa mto, na kila unapoingia mwaka mpya wa Kichina, Wachina wa Kolkata huenda kulizuru.

Waliofuata walikuja makundi kwa makundi, na kila kundi na kazi yake. Watu wa Canton walikuwa maseremala, wakafanya kazi katika gati na viwanda vya meli. Watu wa Hubei walijulikana kwa utabibu wa meno. Watu wa Shandong walitembeza hariri nyumba kwa nyumba. Kundi lililokuja kuwa kubwa kuliko yote lilikuwa la Wahakka, na jina hilo kwa lugha yao maana yake ni jamaa za wageni. Mababu zao waliihama kaskazini ya Uchina karne nyingi nyuma kwa sababu ya vita na njaa, wakateremkia kusini, na watu wa kusini wakawapa jina hilo ambalo halikuwatoka tena. Walikuwa wageni kwao kabla hawajawa wageni kwa watu.

Katika Calcutta, Wahakka walishika kazi ya viatu, na kutoka kwenye viatu wakaingia katika ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kujenga viwanda vya kudabaghi ngozi huko Tangra, mashariki ya mji, mahali palipokuwa pa kinamasi na harufu, ambapo wenye uwezo hawakutaka kuishi. Kazi ya ngozi ilihesabiwa kuwa najisi na Wahindu wa matabaka ya juu. Iliachwa kwa watu wa tabaka la chini kabisa na kwa Waislamu, na hapo ndipo mgeni asiyekuwa na tabaka alipopata upenyo. Mwenyeji alikataa kuigusa kazi hiyo, na mgeni akaifanya kuwa mtaji.

Chakula nacho kilikwenda njia hiyo hiyo. Vitabu vya kale vya sheria ya Kihindu, na hasa kile kinachonasibishwa kwa Manu, vimewakataza watu wa matabaka ya juu kula kitunguu thomu, kitunguu maji na uyoga. Makatazo haya matatu yametajwa pamoja, kana kwamba mwandishi wake aliliona karai la Tangra kwa mbali akalihofia. Ni kweli kuwa si Wahindi wote waliofuata amri hiyo, na kitunguu hakikosekani katika majiko mengi ya Kihindi. Lakini uyoga ulibaki nyuma, na lugha zenyewe zinashuhudia. Kwa Kibengali uyoga huitwa mwavuli wa chura. Kwa Kihindi, mojawapo ya majina yake maana yake ni mkojo wa mbwa, kwa kuwa iliaminika kwamba huota pale mbwa alipokojoa. Uyoga uliotukuzwa ni ule wa mwituni, gucchi, unaookotwa katika milima ya Kashmir na Himachal theluji inapoyeyuka, nao ulikuwa wa mezani kwa matajiri. Huu wa kawaida haukuwa na heshima.

Kilichougeuza uyoga kuwa kitu cha jikoni ni kilimo. Mwaka 1961 kazi ya kustawisha uyoga mweupe ilianza huko Solan, katika Himachal Pradesh, mahali penye baridi inayoufaa. Mwaka 1983 India iliweka huko kituo chake cha utafiti wa uyoga, na mwaka 1997 Solan ilitangazwa kuwa Mji wa Uyoga wa India. Uyoga hustawishwa gizani, vyumbani, juu ya mbolea iliyoandaliwa kwa mabua ya ngano na kuchemshwa kwa joto lake lenyewe, na huvunwa majira yote ya mwaka. Ulipofika masokoni kwa bei ambayo mtu wa kati aliimudu, ulikuta jamii yenye mamilioni ya watu wasiokula nyama, wanaotafuta kitu chenye kutafunika na chenye ladha nzito. Katika majiko ya kale haukuwa na pahala pake maalumu. Karai la Kichina lilikuwa tayari kuupokea, kwa kuwa Mchina hakuwahi kuuona uyoga kuwa najisi.

Lakini hapo ni kuutangulia wakati. Kabla ya uyoga wa Solan kuenea, karai lenyewe lilikwisha kubadili tabia. Katika mtaa wa kale wa Wachina, Tiretta Bazaar, na baadaye huko Tangra, wapishi waliwapikia kwanza watu wao, kisha wakaanza kuwapikia majirani. Mteja wa Kibengali alikula akashukuru, kisha akaomba pilipili. Mwingine akaomba thomu izidishwe, na mwingine akataka rojo la kulia wali. Mpishi hakubishana naye. Pilipili mbichi ikaingia, majani ya giligilani yakaingia, siki iliyoloweshewa pilipili ikawekwa mezani, na kufikia miaka ya 1950 palikuwa na viwanda vya Wachina wa Calcutta wenyewe vilivyotengeneza sosi ya soya na sosi ya pilipili kwa ladha ya mji huo. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa tambi ambazo India nzima huziita tambi za Kihakka, ingawa Mhakka aliyebaki Uchina akiandaliwa sahani hiyo hataijua.

Ndipo ukafika mwaka 1962. Tarehe 20 Oktoba majeshi ya Uchina na India yaliingia vitani kwa sababu ya mpaka wa Himalaya. Vita vilidumu mwezi mmoja tu, vikamalizika tarehe 21 Novemba kwa Uchina kusimamisha mapigano, na India ikabaki na jeraha la kushindwa. Jeraha hilo lilitafuta mtu wa kulilipia, na mtu wa karibu alikuwa jirani. Serikali ya Jawaharlal Nehru ilipitisha sheria na kanuni zilizoruhusu kumkamata yeyote mwenye asili ya Kichina, awe amezaliwa India au hakuzaliwa, ajue Kichina au asijue. Takriban watu 3,000, wengi wao kutoka Assam na vilima vya kaskazini-mashariki, walitolewa majumbani mwao na kupakiwa katika treni hadi Deoli, katika nchi kavu ya Rajasthan, kwenye kambi iliyokuwa ya mateka wa Vita Vikuu vya Pili. Walikuwamo wazee, wanawake na watoto. Walikuwamo wajukuu wa wale Wachina ambao Waingereza waliwaleta Assam katika karne ya 19 kuanzisha kilimo cha chai, watu waliokwisha kuoana na wenyeji na kusema lugha zao. Zaidi ya watu 2,000 walisafirishwa kwa meli kupelekwa Uchina, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengine walibaki kambini miaka mitatu, minne, hata mitano. Wa mwisho walitoka mwaka 1967. Hakuna hata mmoja wao aliyepatikana na hatia ya ujasusi. Wengi waliporudi walikuta nyumba na maduka yao yamekwisha kuuzwa.

Wachina wa Calcutta wengi wao hawakupelekwa Deoli, lakini nao walifungwa kwa namna nyingine. Walitakiwa kujiorodhesha na kuripoti polisi, na hawakuruhusiwa kutoka mjini bila ya kibali. Maduka yao yalisusiwa, skuli zao zikafungwa moja baada ya moja, na ajira zikawaponyoka. Katika hali hiyo mtu hubaki na kile ambacho hakihitaji kibali cha mtu, yaani kazi ya mikono yake. Wanawake wengi waligeukia saluni, na jamaa nyingi zikageukia kupika. Meza za chakula zilizidi katika mitaa ile ile ambayo watu wake walikuwa wakipungua, kwa kuwa waliopata njia waliondoka, na safari za wengi ziliishia Kanada, hasa Toronto.

Hili ndilo jambo la kuzingatiwa katika historia ya mlo huu. Chakula cha Wachina hakikuenea India kabla ya 1962 kisha kikasusiwa; kilienea baada yake. Mwaka 1975 mpishi Nelson Wang, mzaliwa wa Calcutta mwenye asili ya Kichina, alikuwa akipika katika klabu ya kriketi mjini Bombay. Inasimuliwa kwamba mteja mmoja alimwomba kitu kipya kisichokuwamo katika orodha. Wang alianza kama anavyoanza mpishi yeyote wa Kihindi, kwa thomu, tangawizi na pilipili mbichi, lakini palipostahiki kutiwa bizari akatia sosi ya soya na unga wa wanga, akavimiminia vipande vya kuku. Akakiita kuku wa Manchuria, ingawa Manchuria haikijui. Baada ya miaka michache wasiokula nyama walikuwa na chao: kwanza koliflawa, kisha jibini, kisha uyoga, na rojo lile lile likamwagiwa tambi. Mikokoteni ya tambi ikajaa katika mitaa ya Bombay, Delhi na Calcutta, ikisukumwa na vijana ambao hawakuwahi kuonana na Mchina.

Mwaka 1983, mwaka ule ule ambao kituo cha Solan kiliwekwa, kampuni ya Nestlé iliingiza India tambi za Maggi, ikiziuza kwa ahadi ya dakika mbili. Tambi za papo kwa papo zilibuniwa Japani mwaka 1958 na Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan. Nchini India zilipata makao ya kudumu, zikawa chakula cha mwanafunzi bwenini, cha askari mlimani, na cha mama aliyerudi kazini amechoka. Na mama huyo, alipotaka kuzipa heshima, alitafuta kilichomo jikoni, kitunguu, pilipili, uyoga wa paketi, akatia kijiko cha sosi ya soya. Kwa njia hiyo mapishi ya Tangra yalivuka kizingiti cha nyumba zile ambazo, kwa sheria ya Manu, hayakustahiki kuingia. Sheria iliyodumu zaidi ya miaka elfu haikuondolewa na hoja za wanazuoni. Njaa ya jioni ndiyo iliyoiweka kando.

Tangra yenyewe haikupona. Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya ngozi vya Calcutta vihamishiwe Bantala, nje ya mji, kwa sababu ya uchafu uliokuwa ukimiminika katika mito. Amri ilikuwa na haki yake, lakini kwa Wahakka ilikuwa pigo la pili. Wachache walihama na viwanda vyao, wengine waligeuza majengo yao kuwa mikahawa, na wengi walifuata jamaa zao ng'ambo. Jamii ambayo wakati wa kustawi kwake hukadiriwa kuwa ilifikia watu 20,000, leo hukadiriwa kuwa ni kiasi cha 2,000. Hata hivyo, katika Tangra hiyo hiyo lipo hekalu la mungu wa Kihindu, Kali, linalotunzwa na Wachina, na sadaka inayowekwa mbele yake, kisha ikagawiwa waumini, ni tambi. Kwa mujibu wa desturi, kilichokwisha kutolewa hekaluni ni kitakatifu. Tambi zimepata utakatifu kabla wapishi wake hawajapata haki.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Wahakka wa India methali zote mbili zilitimia. Walipewa jembe siku ya kwanza, wakalilima lile shamba ambalo wenyeji hawakulitaka, na mwenyeji akapona kwa chakula chao. Lakini methali haikueleza mgeni afanyweje pale mwenyeji anapogombana na nchi alikotoka babu yake, na watu wa pwani na visiwa, waliopokea wageni wa kila upepo wa musimu, hawahitaji kuambiwa uzito wa swali hilo.

Waliotoka Deoli walinyamaza kwa muda mrefu, wengine wasiwahadithie hata watoto wao. Mwaka 2010 Rita Chowdhury alitoa riwaya ya Kiassam, Makam, juu ya Wachina wa Assam waliokamatwa. Na mwaka 2020 Joy Ma, aliyezaliwa ndani ya kambi ile, alishirikiana na Dilip D'Souza kuchapisha kitabu cha kumbukumbu za waliofungwa. Mwaka 2017 baadhi ya wazee wanaoishi Toronto walisafiri hadi Ottawa, wakasimama mbele ya ubalozi wa India kudai jambo moja, kwamba waombwe radhi. Katika mji wao wa Toronto ipo mikahawa mingi yenye jina la Kihakka mlangoni. Anayeingia akitaraji ladha ya Uchina hukuta thomu, pilipili mbichi, giligilani, na tambi zilizokaangwa kwa uyoga kama zinavyokaangwa Kolkata. Nchi iliyowatoa watu hawa ndiyo wanayoipika kila siku kwa mikono yao, na wateja wao wengi ni Wahindi.